Shase inayovuja na bido tano za kila siku

(Maneno tuliyoyasema mbele ya wanamemba wa Butembo na Beni katika mkutano wa umoja wetu)



Wengine walicheka waliposikia kwamba leo tunaongea juu ya choo. Wacheke tu. Lakini tunajua parseli moja kule Beni ambako familia mbili karibu zipigane juu ya shase. Mama mwenye nyumba alikimbia yale mauaji yaliyoanza mwezi wa 10 mwaka 2014, akaishi miaka kwa ndugu zake huku Butembo. Aliporudi akakuta nyumba iko bado, bati liko, hata WC ya maji iko. Akakaa upande mmoja, upande mwingine akaweka wapangaji. Kisha kila asubuhi tanki ya maji ya mvua inakuwa tupu. Yeye anasema watoto wa mpangaji wanaiba maji usiku, mpangaji anasema mama anauza maji kwa majirani. Ikafika hata kwa shefu wa avenyu. Mama alikuwa tayari kuwafukuza, na ile pesa ya kodi njo inasomesha wajukuu wake.

Kumbe mwizi alikuwa ndani ya shase. Maji yalishuka usiku kucha, bila kelele, kutoka sanduku la nyuma mpaka kwenye shimo.

Hii si ajabu. Nyumba ikikaa bila mtu, vipira ndani ya shase vinakauka na kuwa vigumu kama ganda. Chuma cha flotere kinashika kutu. Mchanga unakaa chini. Siku mwenye nyumba anarudisha maji, kila kitu kinaonekana kizima, lakini hakuna kinachofunga vizuri.

Kabla ya kuita fundi, fanya jaribio ambalo haliombi pesa. Fungua kifuniko, mimina ndani ya shase kikombe kimoja cha kahawa iliyobaki (kahawa hatukosi, sisi watu wa huku), kisha mtu yeyote asitumie choo kwa nusu saa. Ukikuta rangi ya kahawa imeshuka ndani ya kiti, kipira cha chini kimechoka, ao maji yanapita ndani ya mrija. Kwa kujua, tazama ule mrija unaosimama katikati. Maji yakifika juu yake yanaingia ndani na kupotea. Hapo kosa ni la flotere. Yapasa maji yasimame vidole viwili chini ya mdomo wa mrija. Flotere ya zamani yenye mkono wa chuma, kunja mkono kidogo kuelekea chini. Ile ya plastiki iko na skrubu ndogo, izungushe polepole ukitazama maji.

Kwa kipira cha chini, funga kwanza robine ndogo ya ukutani, vuta maji yote yatoke, kisha toa ile kengele ya katikati. Pangusa fasi kipira kinapokalia, juu mara nyingi ni chembe za mchanga tu. Kipira chenyewe, kama upande mmoja umekula, kigeuze. Upande wa pili unaweza kufanya kazi mpaka upate pesa ya kingine. Fundi wengi hawakuambii hivi. Tulijaribu pia kukata kipira katika mpira wa ndani wa tairi ya pikipiki. Kilishika, kisha kikaanza kuvuja tena. Kinafaa kwa kusubiri tu. Na mkirudisha nati za plastiki, tumieni mkono, msitumie ufunguo mkubwa. Sanduku la udongo likipasuka, hakuna dawa.

Tuseme neno moja juu ya javeli. Tangu Ebola ya mwaka 2018 mpaka 2020, iliyoua watu zaidi ya 2,200 na kutupata sana sisi wa Beni na Butembo, wengi tulishika desturi ya kuweka klore popote penye maji. Kunawa mikono, endeleeni. Lakini javeli au vidonge vya klore ndani ya shase vinakula vipira. Mama mmoja alibadilisha kipira mara mbili, na kila mara alikuwa anamwaga javeli mle ndani kwa usafi. Javeli iende ndani ya kiti, isiingie kwenye sanduku.

Sasa kwa wale waliotutumia pesa. Lazima tuwaambie ukweli, tulikosea. Tulinunua mashine za ndani 30, zote za namna moja, juu bei ya jumla ilikuwa nzuri. Hatukupima. Mashine 11 hazikuingia, maana shase za zamani ziko na tundu la kipimo kingine. Zinakaa katika bohari, na muuzaji hakukubali kuzirudisha. Tungebeba kipira cha zamani mkononi mpaka dukani, kama mama anayemnunulia mtoto viatu, tusingepoteza ile pesa.

Nyumbani kwa yule mama wa Beni, sisi wenyewe tulipima hasara. Tulifunga robine, tukachora alama ya maji kwa kalamu, tukangoja saa moja, kisha tukarudisha maji kwa chupa ya bia ya santilita 72. Ziliingia chupa sita. Hiyo ni zaidi ya lita nne kwa saa, na kwa siku nzima ni lita zaidi ya 100, yaani bido tano za lita 20. Kule kwetu kwenye vilima vya Butembo, wakati tanki ni tupu, bido tano zinapanda kwa mgongo wa mtoto wa kike kabla ya shule. Tulibadilisha kipira kimoja. Mpangaji yuko bado pale, ingawa yeye na mama hawajaanza kusalimiana vizuri.

Kwa hiyo tunaomba pesa iliyobaki isinunue viti vipya. Inunue vipira vya vipimo mbalimbali, flotere chache, na funguo mbili za kuazimana, seti moja Butembo na moja Beni, juu kilometa 54 ni mbali kwa kufuata nati. Wanamemba wanaojua kazi wataonyesha wengine. Siku ya posho inayokuja, kila mwenye shase inayolia alete kipira chake cha zamani ndani ya mfuko, kimeoshwa tafadhali.