AJALI HAINA KINGA, LAKINI UZEMBE UNA SHERIA

(Hotuba ya mwenezi wa Chama mbele ya wanachama wa Busi, Wilaya ya Kondoa)



Mmeacha mashamba yenu kuja kunisikiliza, nami sitawachosha. Leo sisemi juu ya kadi wala ada. Nasema juu ya mgonjwa aendaye kutibiwa akarudi na kilema, au asirudi kabisa, kwa sababu aliyemtibu hakuiangalia kazi yake. Jambo hili likitokea, watu hufanya moja katika mawili. Wengine huinamisha vichwa na kusema, "Ni kazi ya Mungu, ajali haina kinga." Wengine hushika fimbo wakamtafuta muuguzi. Wote wamepotea njia.

Kumbukeni mambo ya Novemba 2007 katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam. Vijana wawili wenye jina la kwanza moja walilazwa humo, mmoja anaumwa kichwa, mwingine goti. Aliyeumwa goti akapasuliwa kichwa, na aliyeumwa kichwa akapasuliwa goti. Mmoja alifariki baadaye, mwingine akapelekwa India kutibiwa. Je, hiyo ni ajali isiyo na kinga? Kinga yake ilikuwa kusoma jina zima la mgonjwa kabla ya kushika kisu. Na kama liliweza kutokea katika hospitali kubwa ya taifa, asiseme mtu kwamba haliwezi kutokea penye zahanati ya mganga mmoja.

Lakini tuseme kweli. Si kila kifo ni kosa la mganga. Mwaka 1957 mahakama ya London iliweka kanuni katika kesi ya Bw. Bolam, aliyevunjika mifupa alipokuwa akitibiwa kwa umeme. Ilisemwa kwamba daktari hana hatia kama alifanya vile ambavyo madaktari wenye ujuzi huo wanakubali kuwa ni sawa. Bw. Bolam alishindwa. Kanuni hiyo hutajwa mpaka leo katika nchi zilizorithi sheria ya Kiingereza, na yetu ni mojawapo. Kwa hiyo mdai hana budi kuonyesha mambo matatu: kwamba mganga alikuwa na wajibu kwake, kwamba aliuvunja, na kwamba madhara yalitoka hapo. Uchungu peke yake si ushahidi.

Sasa, tuna milango mitatu.

Mlango wa kwanza ni mabaraza. Daktari yuko chini ya Baraza la Madaktari Tanganyika, kwa sheria ya mwaka 2017. Muuguzi na mkunga wako chini ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, kwa sheria ya mwaka 2010. Baraza laweza kumwonya mtu, kumsimamisha, au kumfuta katika daftari asitibu tena. Lakini fahamuni: Baraza halikulipi fidia.

Mlango wa pili ni polisi. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inahesabu kuwa ni kosa kumtibu mtu kwa uzembe hata kuhatarisha maisha yake.

Mlango wa tatu ni madai ya fidia mahakamani, na hapa ndipo wengi wanapokwama. Madai ya namna hii yana miaka mitatu tu, tangu kosa lilipotendeka. Tena, ikiwa hospitali ni ya serikali, au zahanati ni ya halmashauri, huwezi kuamka asubuhi ukafungua kesi. Lazima kwanza upeleke notisi ya siku 90, nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, kisha umuunganishe naye katika kesi, na kesi hiyo huenda Mahakama Kuu. Na mgonjwa akifa, haki haizikwi pamoja naye. Sheria inawaruhusu kudai kwa ajili ya mke au mume, wazazi na watoto wake. Basi familia ikikaa miaka minne ikilia na kusubiri kuitwa, mlango huo umekwisha kufungwa, hata kama kosa ni dhahiri kama jua la mchana.

Mnaona basi kwamba anayetunyima haki mara nyingi si hakimu, ni kalenda. Pia ni karatasi. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Ugonjwa nao ni hivyo. Tunzeni vyeti, risiti, karatasi za dawa na barua ya rufaa. Ulizeni jina na cheo cha aliyewatibu. Andikeni tarehe na saa. Mtu akifa katika mashaka, ombeni uchunguzi wa maiti kabla ya mazishi. Najua ni neno zito kwa desturi zetu, lakini kaburi halitoi ushahidi kwa urahisi.

Mtasema, wakili ni ghali, na Dodoma ni mbali kwa mkulima wa alizeti. Ni kweli. Ndiyo maana mwaka 2017 ilitungwa Sheria ya Msaada wa Kisheria, ili asiye na uwezo asaidiwe bila malipo. Ulizeni wilayani kwa msajili wa huduma hiyo na wasaidizi wa kisheria.

Na Chama je? Chama ambacho hakimsindikizi mjane mpaka Kondoa kina faida gani kwake? Natoa shauri: kila shina lichague mtu mmoja ajuaye kuandika vizuri, awe na daftari la malalamiko ya wagonjwa, na wanachama wachange nauli ya mwenye shida. Nami niko tayari kuandika barua ya kwanza.

Fimbo iwekeni chini. Muuguzi mkimpiga leo, kesho zahanati itafungwa, na mama atazalia njiani. Mnyonge hana haki, walisema wa zamani. Sisi tuliungana ili neno hilo liwe uwongo.

Uhuru na Umoja!