Mazungumzo kwa Wanachama: Kibanda cha Kupigia Picha Ndege



Nimeombwa nieleze kile kibanda cha makuti kando ya lambo, maana wengine wamesema ati ni cha mganga. Si cha mganga. Ni cha kupigia picha ndege wadogo: chozi, shore, chiriku, mnana.

Dungu sote tunalijua. Mtoto hupanda juu, hupiga kelele na kurusha kombeo ili ndege waone shamba lina mwenyewe. Kibanda hiki ni kinyume chake: kiko chini, na aliye ndani haonekani wala hasikiki. Huko Uingereza ndugu wawili, Richard na Cherry Kearton, mwaka 1900 walitengeneza ng'ombe wa ngozi, tumbo tupu, mtu akawa anaingia humo na kamera. Sisi ngozi tuiache, makuti yanatosha.

Kibanda kikishajengwa kiachwe siku kadhaa, ndege wakizoee. Ndani pazibwe kwa kaniki, mwanga usipenye nyuma yako. Tundu liwe la kutosha lenzi tu, na jua liwe mgongoni. Mbele, hatua nne hivi, pawe na maji kidogo na kijiti kimesimikwa kando. Ndege mdogo hashukii maji moja kwa moja. Hutua kwanza, akachungulia kama kuna kipanga. Pale kijitini ndipo picha ilipo. Saa nzuri ni kati ya saa 12 na nusu na saa 3 asubuhi. Na kuna hila moja: ingieni wawili, kisha mmoja atoke waziwazi aende zake. Ndege akiona mtu kaondoka, basi, keshatulia. Hesabu ya kutoa haijui.

Ila kwenye kiota, hapana. Mpiga picha akikata vitawi apate kuona makinda, jua nalo litawaunguza na nyoka naye atawaona. Mgeni akiomba aoneshwe kiota akataliwe, hata akitoa noti.

Sasa hoja yenyewe. Nchi yetu iliuza ndege wa mwituni kwa wingi, mpaka Ulaya ilipofunga mlango mwaka 2005, na serikali yetu ikasimamisha kupeleka nje wanyama hai mwaka 2016. Chiriku wa ulimbo aliuzwa mara moja, akaishia hapo. Chiriku wa picha kesho yuko palepale, na wageni wa Saadani wanapita njia hii hii ya Bagamoyo.

Najua atasimama mtu aseme: kwelea kwelea wananimalizia mtama, nanyi mwafuga ndege! Ana haki. Kwelea mmoja hula kama gramu 10 kwa siku. Wakiwa milioni moja ni tani 10. Sijamwambia mtu ashuke dunguni. Lakini chozi hagusi mtama, yeye ni maua na wadudu.

Tunaomba mambo mawili. Kiangazi hiki ng'ombe wanyweshwe upande wa pili wa lambo mpaka saa 3, na vijana wasiende na manati pale. Atakacholipa mgeni kiingie sanduku la ushirika kwa stakabadhi, si mfukoni mwa mtu.

Kura ni kikao kijacho. Na mwenye makuti ya ziada alete, upande wa magharibi panavuja.