Siku nne za Karen

Msikilizaji wa Igamba, yapo mashindano ya gofu ya kulipwa yaliyochezwa mara moja tu: Kenya Savannah Classic, Nairobi, Machi 23 hadi 26, 2021.

Yalizaliwa na korona. Wachezaji wa msururu wa gofu wa Ulaya (European Tour) walikuwa wamekwishafika kwa ajili ya mashindano ya Kenya Open. Kuwasafirisha huku na huko kulikuwa taabu, basi wakabaki klabu ya gofu ya Karen, uwanja uleule, zawadi euro milioni 1, pembeni hakuna wa kupiga makofi. Daniel van Tonder wa Afrika Kusini alimshinda Jazz Janewattananond wa Thailand kwenye mashimo ya ziada. Mfuko wa fimbo alibebewa na mkewe, Abigail. Siku hiyohiyo ya mwisho, Ijumaa, aliyekuwa Rais wa Kenya, Uhuru Kenyatta, akaifunga Nairobi na kaunti nne nyingine kwa sababu ya korona.

Sisi wa Mbozi, watu wa kahawa, ardhi ile ya Karen inatuhusu kidogo: ilikuwa sehemu ya shamba la kahawa la mwandishi Karen Blixen, lililofilisika mwaka 1931.

Kenya Open inaendelea. Savannah haikurudi, nami nasikitika, maana wachezaji wa Kenya walipata wiki mbili mfululizo za kupimana na wakubwa, nyumbani kwao.