Intaneti ya Nyumbani: Piga Hesabu Kabla ya Kutia Sahihi



Tuanze na hesabu. Nyumba ya watu wanne, kila mmoja akinunua bando la shilingi 50 kwa siku, hutumia shilingi 6,000 kwa mwezi. Hiyo ni karo, hiyo ni unga. Basi andika kwanza unacholipa sasa, ndipo ulinganishe na bei ya mwezi.

Pili, angalia matumizi. Video safi kwenye runinga moja huhitaji takriban megabiti 5 kwa sekunde. Kasi ya 10 hutosha runinga hiyo pamoja na mtoto anayesoma mtandaoni. Usilipie 40 kwa sababu ya tangazo.

Tatu, muulize jirani anayetumia kampuni hiyo: saa mbili usiku, watu wote wakiwa nyumbani, kasi hubaki ileile? Muulize wakala gharama ya kuunganishwa, kiwango ambacho ukikipita kasi hupunguzwa, na ukihama ruta ni ya nani.

Lipa kwa nambari rasmi ya kampuni, si kwa simu ya wakala. Huduma ikizorota, lalamika kwa kampuni kwa maandishi. Usiposikizwa, nenda kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya.