Dar es Salaam Wakati wa Vuli: Shule Nyingine Inayowangoja

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa katika mkutano wetu wa mwaka, Mlalo)



Kamati imeniomba nizungumze juu ya maisha ya Dar es Salaam. Mengi juu ya mji huo mmekwisha kuyasikia: kodi ya chumba, foleni ya magari, joto, na matapeli wa stendi. Mimi nitachukua jambo moja ambalo halisemwi sana tunaporudi nyumbani. Nitasema juu ya matamasha, mihadhara na matembezi ya utamaduni yanayopatikana mjini na kandokando yake, hasa kuanzia Septemba hadi Novemba; na nitauliza kwa nini sisi watu wa milimani huonekana huko kwa nadra.

Kwanza niseme juu ya majira. Wenzetu wa Ulaya wana majira baina ya joto na baridi, na wafasiri wetu huyaita vuli. Huko, mavuno yakiisha na likizo zikimalizika, watu hurudi mijini, na kumbi za michezo ya kuigiza na za muziki hufunguliwa tena. Maonyesho makubwa ya vitabu ya Frankfurt, Ujerumani, hufanyika Oktoba. Vuli yetu ni nyingine. Hapa Mlalo vuli ni mvua, ni jembe, ni maharage. Lakini kule pwani, kabla mvua hazijashika, kuna wakati ambao mabaharia huuita demani, upepo wa kusi unapolegea na kaskazi haijaanza. Njia ni kavu na usiku ni mzuri. Ni wakati unaofaa sana kwa ngoma za uwanjani.

Tamasha kubwa la majira hayo liko Bagamoyo, kiasi cha kilomita 70 kutoka Dar es Salaam. Chuo cha Sanaa kilianzishwa huko mwaka 1981, na tamasha lake likaanza mwaka 1982. Tangu mwaka 2007 chuo hicho kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Hapo utaona ngoma za makabila yetu, maigizo, sarakasi, muziki na vinyago, na utakutana na wasanii waliotoka nchi nyingine. Mchana unaweza kutembea mji wa kale na kuona mahali misafara ya pembe na ya watumwa ilipofikia bahari.

Mjini penyewe ipo Makumbusho ya Taifa, iliyofunguliwa mwaka 1940, ambamo utasoma habari za fuvu la Zinjanthropus lililopatikana Olduvai mwaka 1959. Kiko Kijiji cha Makumbusho, kilichofunguliwa mwaka 1967 kando ya barabara ya Bagamoyo. Humo zimejengwa nyumba za makabila mbalimbali kwa ukubwa wake halisi, za miti, udongo na nyasi, pamoja na vyombo vya ndani. Wengi wetu tunakijua kituo cha daladala cha Makumbusho, tumegombania viti hapo miaka nenda miaka rudi, wala hatujavuka kuona ni makumbusho ya nini.

Upanga kuna Alliance Française na Goethe-Institut, nyumba za utamaduni za Wafaransa na Wajerumani, ambako hufanyika maonyesho ya picha, sinema na muziki, na wasanii wetu wenyewe ndio wanaoonekana humo mara nyingi. Mikocheni kuna Nafasi, ambako tangu mwaka 2008 wachoraji na wachongaji hufanya kazi zao na watu huruhusiwa kuwatazama. Ipo Maktaba Kuu ya Taifa, iliyofunguliwa tarehe 9 Desemba 1967.

Na ipo mihadhara. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina sifa ya mijadala tangu zamani. Walter Rodney wa Guyana alifundisha hapo, na kitabu chake juu ya jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika kilitolewa mwaka 1972, Tanzania Publishing House ya hapa kwetu ikiwa miongoni mwa wachapishaji wake. Mwaka 2009 Chuo kilianzisha tamasha la kitaaluma kwa heshima ya Mwalimu Nyerere, na mgeni wa kwanza akawa Wole Soyinka wa Nigeria. Kila inapokaribia tarehe 14 Oktoba, siku aliyofariki Mwalimu mwaka 1999, husikosi kusikia kwamba mahali fulani mjini kuna mazungumzo juu ya maisha na fikra zake.

Sasa nauliza: kwa nini hatuendi?

Nimewauliza ndugu zetu wengi, na majibu yao ni matatu. Jibu la kwanza ni kwamba mambo hayo ni ya wageni na wenye fedha. Jibu hili halina nguvu. Mihadhara mingi haina kiingilio, na kwenye makumbusho mwanafunzi hutozwa kidogo kuliko mtu mzima. Mtu anayenunua tikiti ya mpira hawezi kusema Makumbusho imemshinda.

Jibu la pili ni kwamba hatuna wakati. Hili lina ukweli. Siku sita ni kazi, na ya saba ni msiba, au kikao cha harusi, au mchango wa mgonjwa aliyeletwa Muhimbili kutoka nyumbani. Wala sisemi tuache kuzikana na kuchangiana. Bila hayo tungepotea mjini. Lakini mwaka una Jumamosi zaidi ya hamsini. Nikiomba mbili, sidhani kama nimeomba nyingi.

Jibu la tatu ndilo linalonisumbua. Kijana mmoja wa huku kwetu aliniambia hivi: "Kaka, ngoma na nyumba za udongo nimeziacha Mlalo. Nimekuja mjini kutafuta maendeleo, nizilipie tena kiingilio?" Watu walicheka, nami nilicheka pia. Lakini baadaye niliona kwamba hapo ndipo penye kazi yetu.

Nitawaeleza nililoliona mwenyewe. Mwaka mmoja nilikwenda kwenye tamasha la Bagamoyo pamoja na vijana wawili. Mmoja alisoma hapa na ndio kwanza ameingia Chuo Kikuu. Wa pili ni mtoto wa ndugu yetu, aliyezaliwa na kukulia Temeke. Usiku ule kikundi kimoja kilicheza mdumange, ngoma yetu Wasambaa. Katika kikundi kile hakukuwa na Msambaa hata mmoja. Walikuwa wamefundishwa na waliicheza vizuri, na uwanja mzima ulipiga makofi.

Karibu yetu alikaa mwalimu mmoja Msukuma. Alituuliza ngoma ile ni ya wapi, huchezwa lini, na maneno yake yana maana gani. Yule kijana aliyetoka hapa alimweleza kila alichokijua kwa bibi yake: maneno, mipangilio ya wachezaji, na jinsi wazee wa mtaani kwao walivyoicheza. Watu wa benchi la mbele waligeuka kumsikiliza. Yule wa Temeke alinyamaza kimya. Tulipokuwa tunarudi, ndani ya gari, alimwuliza mwenzake polepole: "Yale maneno, hebu yarudie." Wakayarudia mpaka tulipofika Tegeta.

Ndugu zangu, tusimcheke yule wa Temeke. Kosa si lake, kwani hakuna aliyempa. Tena jueni kwamba mdumange utaendelea kuchezwa Bagamoyo hata sisi tusipokuwapo. Neno la kujiuliza ni kama watoto wetu watakuwa miongoni mwa wanaoweza kuueleza, au watakuwa wageni mbele ya mali yao.

Wapo waliokwenda mjini wakiwa na kitu chao mkononi, na mji ukawapokea. Hukwe Zawose alikuwa Mgogo wa Dodoma. Alifundisha muziki Bagamoyo, akipiga zeze na ilimba na kuimba Kigogo chake, na sauti yake ikafika kumbi za Ulaya kabla hajafariki mwaka 2003. Edward Saidi Tingatinga alitoka Tunduru, akafanya kazi ya mkonge katika mkoa wetu huu wa Tanga, kisha Dar es Salaam akaanza kuchora wanyama kwa rangi za baiskeli juu ya vipande vya mbao. Alifariki mwaka 1972, na leo jina lake ndilo jina la aina nzima ya uchoraji.

Nasi hatukutoka mikono mitupu. Tuna habari za Mbegha na ufalme wa Vuga, ambazo Abdallah bin Hemedi aliziandika kwa Kiswahili katika Habari za Wakilindi, kitabu kilichochapishwa tena baadaye. Ulizeni kitabu hicho maktaba. Tuna kwaya, kwani misheni ya Mlalo ilianza mwaka 1891, tuna maulidi, tuna hadithi za usiku na majina ya vilima vyote hivi. Mwacha mila ni mtumwa, walisema wazee.

Lipo na jambo jingine. Mahali pa utamaduni hapadumu penyewe. Wakubwa wenzangu wanakumbuka Nyumba ya Sanaa, kazi iliyoanza mwaka 1972, na jengo lake Mwalimu Nyerere alilifungua mwaka 1983. Vijana wengi, wakiwamo walemavu, walijifunza humo kuchonga, kuchora na kufuma. Leo haipo tena mahali pale. Sisemi iliondoka kwa sababu Wasambaa hawakwenda kuitazama. Nasema tu kwamba ukumbi usio na watu hauna wa kuutetea siku mwenye fedha akiutaka uwanja.

Kwa hiyo nina mapendekezo matatu.

La kwanza ni kwenu wanafunzi. Kila mmoja achukue daftari moja, aende kwa bibi au babu, aandike habari za ngoma moja, hadithi moja, na asili ya jina la mahali anapokaa. Andikeni kwa Kisambaa na kwa Kiswahili. Mwalimu wa historia akikubali, madaftari hayo yawekwe katika maktaba ya shule. Siku mtakaposhuka Mombo kwenda Dar es Salaam, mtakuwa na la kujibu mkiulizwa kwenu kuna nini.

La pili ni kwetu tunaoishi mjini. Kijana wa shule hii akifika stendi ya Mbezi, tumekwisha kumtafutia pa kulala na kumwonya juu ya wezi. Hiyo ni desturi njema. Tuongeze jambo moja: kabla mwaka wake wa kwanza haujaisha, mmoja wetu amchukue siku moja, wapande mwendokasi mpaka Kivukoni, watembee hadi Makumbusho ya Taifa, kisha wapitie Maktaba Kuu. Nauli na maji ya kunywa ni juu ya mkubwa. Katibu aandike majina leo hii. La kwanza aandike langu.

La tatu ni la chama. Tamasha la Bagamoyo lijalo twende kwa basi moja, pamoja na watoto wetu waliozaliwa mjini, na hasa hao. Twende na wazee wawili watatu kutoka hapa Mlalo, tukae nao uwanjani, watoto waulize.

Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Nimesema mengi kwa mtu aliyeombwa dakika ishirini, na naona Mwenyekiti ameanza kutazama saa yake. Wenye maswali waniulize sasa, na wale wenye haya wanifuate wakati wa chakula.