Utani Usiojibiwa: Kauli za Rangi na Kabila Mbele ya Hadhara

Mhadhara wa umma uliotolewa Chiwata, Wilaya ya Masasi

Nashukuru kwamba mhadhara huu umeletwa huku juu badala ya kubaki mjini. Ninayotaka kusema yanawagusa watu wa uwanda huu wa Makonde mara mbili: wanasemwa vibaya, na wao pia wapo wanaowasema vibaya.

Nianzie Bungeni. Oktoba 1961, Uhuru ukiwa umekaribia, Bunge la Tanganyika lilijadili muswada wa uraia. Baadhi ya wabunge walitaka uraia uwe wa Waafrika peke yao, Wahindi na Wazungu wakae nje. Mwalimu Nyerere alisimama akawakemea kwa ukali, akawafananisha na akina Hitler wanaotukuza rangi zao, na akaweka wazi kwamba muswada ukishindwa serikali yake itajiuzulu. Tukumbuke aliokuwa akiwakemea ni nani. Walikuwa wenzake katika kupigania Uhuru, watu waliotukanwa na wakoloni maisha yao yote, na uchungu wao ulikuwa wa kweli. Hata hivyo hakuwaruhusu kuugeuza uchungu huo kuwa ruhusa ya kubagua. Mwanzoni mwa Januari 1964 alirudia msimamo huo, akatangaza kwamba katika utumishi wa umma raia wote watahesabiwa sawa bila kujali rangi. Siku chache baadaye wanajeshi waliasi, na kuendelea kuwepo kwa maofisa wa Kiingereza kulikuwa miongoni mwa malalamiko yao. Alijua msimamo huo una gharama.

Sasa tuje kwenye maisha ya kila siku. Miaka mingi iliyopita nilipanda daladala Dar es Salaam, na ndani alikuwamo bibi mmoja wa huku kwetu. Alikuwa na chale za zamani mashavuni, na mdomo wa juu ulikuwa na tundu lililowahi kubeba ndonya, pambo la mdomoni. Konda alimtazama, kisha akawauliza abiria nani anajua kusoma ramani ile. Gari zima likacheka. Bibi naye akatabasamu kidogo, akavuta kanga mpaka puani, na hakuishusha tena hadi aliposhuka.

Maneno hayo hayo yangetoka kwa mtalii Mzungu, gari lisingefika kituo cha pili. Angeteremshwa, angeitiwa polisi, na huenda habari ingetoka magazetini. Yangetoka kinywani mwa Mhindi mwenye duka, tungesikia mengi juu ya dharau ya Wahindi. Konda alikuwa mweusi mwenzetu, basi yakaitwa utani. Mimi nakataa kuyaita hivyo, na hapa ndipo penye kiini cha mhadhara wangu.

Utani tunaujua. Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali karne ya 19, wakaishia kuwa watani. Wanyamwezi na Wazaramo walikutana katika misafara ya kwenda pwani, wakawa watani. Anayekutania leo ndiye atakayefika kwako siku ya msiba. Ataigiza mwendo na sauti ya marehemu mbele ya wafiwa mpaka wanaolia wacheke. Ataingia kaburini alale chali, adai pesa ndipo jeneza lishuke. Akishapewa atatoka, atashika jembe na kufukia pamoja na wengine. Na siku msiba ukiwa kwake, nawe utamfanyia hayo hayo. Ruhusa ya kusema inakwenda pamoja na wajibu wa kuzika, na kila upande una haki ya kujibu. Yule konda hakuwa na deni lolote kwa bibi yule, wala bibi hakuwa na nafasi ya kumjibu. Mchekeshaji anayejipatia riziki kwa kuiga lafudhi ya Kimakonde redioni naye hana deni hilo. Huyo anatumia heshima ya utani bila kulipa gharama yake.

Tazameni pia vinyago. Mgeni wa serikali akija, huenda akazawadiwa kinyago cha Kimakonde kama fahari ya taifa. Wachongaji wengi walioupa uchongaji huo jina walivuka Mto Ruvuma kutoka Msumbiji. Kazi ya mikono yao tunaionyesha duniani, na uso wa mchongaji, wenye chale zile zile alizozichonga kwenye mpingo, tunaucheka kituo cha basi.

Haki inanitaka nigeukie upande wa pili, pale sisi weusi tunapowasema vibaya watu wa rangi nyingine. Mwanzoni mwa 1993 Mchungaji Christopher Mtikila aliwashambulia jukwaani watu wa asili ya Kihindi, akiwaita magabacholi, jina la dharau, na Dar es Salaam magari yakapigwa mawe. Wapo waliosema maneno yale yalikuwa sauti ya mnyonge, hivyo yasamehewe. Mimi sitaki mnyonge afungwe mdomo. Mkulima wa korosho wa hapa Chiwata ana haki ya kupiga kelele kuhusu bei. Lakini aseme mnada upi ulimuumiza, mnunuzi gani, na malipo ya stakabadhi yake yamekwama ofisi gani. Akishasema “Wahindi” tu, aliyemwibia amepata pa kujificha, na jirani asiyehusika amebebeshwa kesi. Tena mara nyingi karani aliyepunja kilo kwenye mizani ni mwenzetu kabisa.

Ibara ya 13 ya Katiba yetu, inapokataza ubaguzi, inataja kabila, mahali mtu alikotoka na rangi katika sentensi moja. Haikuweka daraja la juu kwa tusi la rangi na daraja la chini kwa tusi la kabila. Madaraja hayo tumeyaweka sisi, na tumeyapanga kwa kumwangalia msemaji na uwezo wa aliyesemwa kujibu.

Nimalizie na jambo gumu zaidi kulisema hapa. Wamakonde waliokwenda Kenya enzi za ukoloni kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa walizaa na kujukuu kule bila vitambulisho. Mwaka 2016 waliandamana kutoka Kwale hadi Nairobi, na Februari 2017 serikali ya Kenya ikawatambua rasmi kuwa kabila la 43. Wengi wetu tulifurahi, tukawaonea huruma kwa miaka yote waliyoitwa wageni. Na huku kwetu? Wenzetu waliotoka ng’ambo ya Ruvuma, wengine kutafuta kazi za mkonge, wengine wakikimbia vita vya ukombozi vilivyoanza 1964, tuliwaita Wamawia. Jina hilo tulilitamka tukimaanisha watu wakali, washamba, wasioaminika. Lugha yao twaielewa, ngoma zetu zinafanana, chale zao ni ndugu wa chale za bibi zetu. Mtoto wa shule bado anatupiwa jina hilo akigombana na mwenzake, na mwalimu aliye karibu anapita kama hakusikia.

Ombi langu ni kwa serikali ya kijiji, walimu, masheikh na mapadri. Itisheni kikao msimu wa korosho ukiisha, na koo za hao waliotoka ng’ambo ya Ruvuma zipewe nafasi ya kwanza kuzungumza, wazee wao kwa vijana wao. Waulizwe wenyewe wanataka kuitwaje na ni maneno gani hawataki kuyasikia tena. Jibu lao lifuatwe darasani, msikitini, kanisani, na kwenye ghala la chama cha msingi wakati wa kupima korosho.