Ufuta Wetu Mezani Guangzhou

Fungueni madaftari. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni neno hili: GUANGZHOU. Hutamkwa karibu na “Gwang-jou”. Ni mji mkubwa wa kusini mwa China. Nilikwenda kuutembelea kwa siku tatu, na leo nitawaeleza niliyoyaona na niliyoyala.

Kutoka Chemba nilipanda basi mpaka Dodoma. Hapo nikaingia treni ya umeme, ile iliyoanza kuchukua abiria mwaka 2024, nikafika Dar es Salaam. Kutoka Dar es Salaam nilikwenda kwa ndege. Saa za China zimetangulia zetu kwa saa tano. Mkulima wa Chemba anapopumzika chini ya mti saa sita mchana, Guangzhou ni saa kumi na moja jioni.

Mji wenyewe uko kando ya Mto Zhujiang, maana yake Mto wa Lulu. Hesabu ya watu ya mwaka 2020 ilionyesha kwamba una watu zaidi ya milioni 18. Sensa yetu ya mwaka 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 61 katika Tanzania nzima. Basi mji ule mmoja una watu zaidi ya robo ya watu wa nchi yetu!

Siku ya kwanza niliona Msikiti wa Huaisheng. Ni mmoja wa misikiti ya zamani sana katika China. Mnara wake una urefu wa mita 36 hivi, na zamani mabaharia waliutumia kama alama ya kuwaongoza. Wafanyabiashara wa Kiarabu na wa Kiajemi walifika mji huo zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Kisha niliona Jumba la Ukoo wa Chen, lililomalizika kujengwa mwaka 1894. Kuta na mapaa yake yamejaa nakshi za mti, mawe na udongo. Usiku nilitazama Mnara wa Canton, wenye urefu wa mita 600. Canton ni jina ambalo Wazungu waliuita mji huo zamani.

Mji huu si mgeni kwetu. Wazee wanaikumbuka reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975. Mafundi wengi wa Kichina walipanda meli Guangzhou kuja Dar es Salaam. Tena, tangu mwaka 1957 yanafanyika huko maonyesho makubwa ya biashara, mara mbili kila mwaka. Wafanyabiashara wetu huenda Guangzhou kununua nguo, viatu na vyombo vya nyumbani.

Sasa tuje kwenye chakula. Watu wa Guangzhou wakikwambia, “Twende tukanywe chai,” usile kwanza nyumbani. Chai yao huja na vyakula vingi vidogo vidogo, ndani ya vikapu vya mianzi vilivyopikwa kwa mvuke. Nilikula vifuko vya unga vilivyotiwa kamba wa baharini. Nilikunywa uji wa mchele, lakini hautiwi sukari. Hutiwa chumvi, na nyama au samaki. Mtu akikumiminia chai, gonga meza polepole kwa vidole viwili. Hiyo ndiyo asante yao.

Mwishoni waliniletea kitu mfano wa kalimati kubwa. Ni donge la unga wa mchele unaonata, ndani lina maharage matamu yaliyopondwa, na nje limeviringishwa katika ufuta kisha likakaangwa kwa mafuta. Ufuta, ndugu zangu! Sisemi kwamba punje zile zilitoka shambani kwako, lakini China ni mnunuzi mkubwa wa ufuta wa Tanzania.

Jambo moja lilinipa mawazo mengi. Mimi nina diploma ya chuo kikuu, lakini mbele ya vibao vya Kichina nilikuwa sawa na mtu asiyejua kusoma. Mwenye hoteli alinipa kadi yenye anwani, nikawa namwonyesha dereva wa teksi. Kisha nikaanza kujifunza. Moja ni mstari mmoja, mbili ni mistari miwili, tatu ni mistari mitatu. Mdomo ni kisanduku chenye pande nne. Neno la “njia ya kutokea” lina alama mbili, na ya pili ni mdomo huo huo. Siku ya tatu niliteremka katika treni ya chini ya ardhi, nikakitafuta kile kisanduku, nikatoka bila kumwuliza mtu. Ndivyo kusoma kunavyoanza, alama moja baada ya nyingine, hata kama mtu ana mvi.

Sasa fikirini safari ya ufuta. Toka shambani mpaka meza ya chai hupimwa na kuandikwa mara nyingi. Kila anayeupokea husoma uzito na bei kabla ya kutia sahihi. Je, mwenye shamba peke yake ndiye asisome? Tuseme, kwa mfano, mzigo wako una kilo 100, na bei ni shilingi 3,000 kwa kilo. Karani akiandika kilo 90, nawe ukaweka dole gumba, umepoteza shilingi 30,000. Fedha hizo zingenunua madaftari na sare ya mtoto. Kwa hiyo simama karibu na mizani. Soma namba. Kisha soma stakabadhi, ndipo utie sahihi yako.

Maswali ya kujibu darasani:
1. Chemba ikiwa saa mbili asubuhi, Guangzhou ni saa ngapi?
2. Mtu wa Guangzhou hushukuruje akimiminiwa chai?
3. Mzigo wa kilo 60 umeandikwa kilo 52. Kwa bei ya shilingi 3,000 kwa kilo, mkulima amepoteza kiasi gani?

Kwa somo lijalo, kila mmoja alete stakabadhi moja ya mauzo kutoka nyumbani, tuisome pamoja. Kwaherini.